Umeme Umekatika Kasulu: Wagombea Tisa, Kumi ni Uhai

Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani Kigoma, jenereta za dizeli za TANESCO zilizimwa rasmi na sisi tukaingizwa kwenye gridi ya taifa. Kabla ya hapo Kasulu na Kibondo tuliwaka kwa mafuta yaliyopandishwa milimani kwa lori, kila uniti ikauzwa kwa bei ileile ya Dar es Salaam, shirika likameza hasara na sisi tukameza moshi. Vigelegele vilipigwa. Vilipoisha, watu wakageukia jambo la pili: TANESCO wamezima jenereta zao, sisi tunaulizia bei ya zetu.

Sababu ipo. Umeme wetu wa gridi uliingia kwa kupitia Nyakanazi, na hapo katikati kuna misitu, vilima na anga linalopenda kupiga radi kuanzia Novemba hadi Aprili. Mti ukilalia waya huko Kakonko, Kasulu inalala mapema. Ongeza matatizo ya kitaifa: mgao uliotusumbua hadi mwanzoni mwa 2024, kisha hitilafu ya gridi iliyozima karibu nchi nzima tarehe 1 Aprili 2024. Siku ya Wajinga, na hakuna aliyecheka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari mwaka huohuo, kwa hiyo maji yapo. Kinachobaki ni safari ndefu ya huo umeme kutoka Rufiji mpaka kwenye balbu ya sebuleni kwako.

Basi hawa hapa wagombea tisa wa kukuokoa, kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza. Shemeji yangu wa Kibondo ameomba nafasi ya kutia neno. Mahari bado anadaiwa, lakini mdomo nimemwachia.

Kanuni moja kabla ya kura. Chukua karatasi, andika vitu ambavyo vikizima nyumba inaingia kwenye taabu kweli. Balbu ya kisasa inakula wati 9. Televisheni ya kawaida, wati 50 hadi 100. Friji ikiwa kazini, wati 100 hadi 150, ila sekunde ile inapowaka inadai mara kadhaa ya hapo. Pampu ya maji ya nguvu farasi moja inakula wati 750 hivi, na kuiamsha kunataka mara mbili au tatu. Pasi na birika la umeme, kila mmoja wati 1,000 hadi 2,000: hao wafute kabisa, mkaa upo. Ukishamaliza kufuta, jumlisha. Jenereta hainunuliwi kwa ukubwa wa nyumba wala kwa cheo cha mwenye nyumba. Inanunuliwa kwa hiyo jumla.

9. Koroboi

Mkongwe wa ukumbi. Amesomesha walimu, manesi na wabunge, na hakuna aliyewahi kurudi kumshukuru. Sifa yake kubwa ilikuwa unafuu wa mafuta ya taa. Sifa hiyo alinyang'anywa mwaka 2011, serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana wajanja walikuwa wanayachanganya na dizeli na kutuulia magari. Tangu hapo amebaki na masizi ya puani na uwezo wa kuchoma pazia.

Shemeji anamtetea: "Koroboi haijawahi kuniambia uniti zimeisha."

Kweli, shemeji. Ila kwa mwanga wake usingeweza hata kuisoma hiyo mita.

8. Waya wa jirani

Yeye ana jenereta, wewe una tabasamu. Mnavuta waya juu ya ua, mnapitisha kwenye mgomba, unafika kwako na umeme uliochoka. Waya mwembamba ukiwa mrefu hula nguvu njiani: taa itawaka kwa unyonge, na friji itang'ang'ana kuanza mpaka iunguze mota. Halafu kuna siasa. Mwezi wa kwanza unachangia petroli kwa moyo mmoja. Mwezi wa pili unachangia kwa kukumbushwa. Mwezi wa tatu jirani anazima saa mbili na nusu usiku, katikati ya taarifa ya habari, na huna pa kukata rufaa.

Kama mnapendana kiasi hicho, nunueni waya mnene, mzikeni ardhini ndani ya bomba, na makubaliano ya mafuta yaandikwe. Kama hampendani kiasi hicho, endelea kusoma.

7. Mnyama wa mnada

Mkoa wetu umepokea wakimbizi miongo kwa miongo. Nyarugusu ipo tangu 1996, Nduta ilifunguliwa tena 2015, Mtendeli ikafungwa 2021. Mashirika yakija huja na jenereta, na yakifunga ofisi hupiga mnada. Hapo ndipo mzee mmoja wa heshima anapojitokeza, anaweka mkono juu, na anarudi nyumbani na dizeli ya kilovolti-ampea ishirini kwa ajili ya balbu sita na televisheni.

Injini hizi ni za kazi kweli. Nyingi huzunguka mara 1,500 kwa dakika, nusu ya mwendo wa zile ndogo za petroli, ndiyo maana hudumu. Tatizo ni uvivu. Dizeli ikibebeshwa mzigo mdogo mno, chini ya theluthi ya uwezo wake, haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui vizuri, masizi na oili vinaganda kwenye bomba la moshi, na mnyama anaanza kukohoa. Umenunua mashine ambayo inaugua kwa kukosa kazi.

Ukiwa lazima ununue, soma kwanza mita ya saa. Ikionyesha maelfu kwa maelfu, ujue umenunua mstaafu. Uliza pia kama filta zake zinapatikana Kasulu mjini au zinaagizwa kwa maombi ya kufunga.

Shemeji: "Lakini likiwaka, mtaa mzima unajua mzee yupo."

Unajua, ndiyo. Na mwisho wa mwezi mwenye sheli naye anajua.

6. Kadogo ka kubeba mkononi

Haka unakajua: wati 650 hivi, kanabebwa kama ndoo ya maji, kanawaka kwa kuvuta kamba na kanalia kuliko umri wake. Injini yake haina tangi la oili. Unachanganya mwenyewe oili na petroli, kwa kawaida sehemu moja ya oili kwa sehemu hamsini za petroli. Lita moja ya petroli, mililita 20 za oili. Ukizidisha, jikoni panageuka nyumba ya kukausha samaki. Ukipunguza, pistoni inang'ata silinda na fundi anapata ada ya shule ya mtoto wake.

Kwa taa, simu, redio na televisheni, kanaweza. Kwa friji, usikadhalilishe. Voteji yake hupanda na kushuka kila mzigo unapobadilika, na vifaa vya elektroniki havipendi mchezo huo. Kanashika namba sita kwa sababu ya unafuu, na kwa sababu kila fundi pikipiki wa Kibondo anaweza kukafungua akiwa amefumba macho.

5. Bingwa wa maandishi

Dukani amevaa stika inayosema 3,500. Nyuma, kwa herufi za sisimizi, imeandikwa kwamba hiyo ni nguvu ya juu kabisa, ya kuhimili kwa muda mfupi. Nguvu ya kufanya kazi mfululizo ni 2,800, au pungufu. Tena huenda ile 3,500 ni volti-ampea, si wati. Kwa mashine nyingi wati ni kama asilimia 80 ya hizo. Umeingia dukani na jitu, umetoka na kijana.

Na safari ya makato haijaisha. Kasulu na Kibondo tuko juu, sehemu nyingi kati ya mita 1,200 na 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, injini inapata oksijeni kidogo, nguvu inashuka. Mafundi hukadiria asilimia 3 hivi kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kwetu toa asilimia 12 hadi 16. Mashine iliyokuwa inatamba Kariakoo ikifika hapa inaomba kukaa chini kwanza.

Shemeji: "Kwa hiyo Kibondo ndiko inakochoka zaidi?"

Shemeji, Kibondo hata mahari huchoka njiani.

Ushauri: soma nguvu ya mfululizo, ikate ya mwinuko, halafu bakiza robo ya akiba kwa ajili ya friji inapoanza. Angalia pia kibandiko kama kinasema hezi 50 na volti 230. Mashine ya hezi 60 ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya watu wengine.

4. Sola ya juu ya bati

Kabla ya gridi, huyu ndiye aliyekuwa mkombozi wa vijiji vyetu, na hajastaafu. Hana kelele, hana moshi, hana foleni ya sheli, na hahitaji kujua EWURA imetangaza bei gani ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hilo la mwisho lina uzito huku kwetu. Bei kikomo hutolewa wilaya kwa wilaya na nauli ya kusafirisha imo ndani, hivyo mtu wa milimani Kigoma hununua lita kwa bei ambayo wa Dar es Salaam huisikia redioni tu.

Mbona basi ni wa nne? Kwa sababu ya masika. Umeme wetu hukatika sana msimu wa mvua na radi, na msimu huohuo ndio mawingu yanakaa Kasulu siku tatu bila kuaga. Paneli ndogo ya wati 50 inakuangusha siku ile hasa unapoihitaji. Kwa taa na simu, mchukue bila kusita. Kwa friji, jiandae kununua paneli na betri za kutosha, na kuzifunga kwa mtu anayejua, si kwa binamu aliyetazama video.

3. Mpole wa bei kali

Hii ni jenereta ya petroli yenye inveta ndani. Badala ya injini kukimbia mwendo mmoja muda wote, hupunguza mbio mzigo ukiwa mdogo, ikaokoa petroli na kupunguza kelele. Umeme wake ni safi. Kompyuta mpakato na televisheni za kisasa hazilalamiki. Unaweza kuiwasha saa tatu usiku na jirani asijue, jambo ambalo kwa shemeji ni hasara, maana ananunua vitu ili jirani ajue.

Ila bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya jenereta ya kawaida yenye nguvu ileile. Na ikiharibika ubao wake wa elektroniki, fundi wetu wa mtaani ataufungua, atautazama kwa heshima, kisha ataufunga. Kwa anayefanya kazi za kompyuta nyumbani na anayethamini usingizi wa mtoto, inalipa.

2. Mchapakazi wa petroli

Injini yenye oili yake peke yake, wati 2,000 hadi 2,500 za mfululizo, ina kirekebisha voteji ndani. Huyu ndiye hasa watu wanayemaanisha wanaposema "nataka jenereta." Friji anaiamsha, taa zote anaziwasha, na vipuri vyake viko kila duka la pembejeo na spea. Kwa mwenye bucha, saluni, au mama anayeuza dagaa na migebuka wa friza sokoni Kasulu, namba moja ni huyu, na orodha iishie hapa.

Mpe heshima yake: oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, zinazofuata kila baada ya saa 100. Iwashe angalau mara moja kwa mwezi hata umeme ukiwepo. Petroli ikikaa miezi kwenye kabureta hugeuka gundi, na siku ya giza utavuta kamba mpaka bega liombe likizo. Petroli ya chupa ya kando ya barabara iache kwa wanaopenda kubahatisha.

Sasa hesabu. Jenereta ya aina hii hutafuna kati ya nusu lita na lita moja kutoa uniti moja ya umeme. Tuseme lita ni shilingi 3,000: uniti yako inagharimu kati ya 1,500 na 3,000. Kwenye LUKU, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Aliye kundi la kawaida hulipa kama 350, kodi na tozo zikiwemo. Kwa hiyo kila saa unayowasha jenereta, uwe na sababu. Na friza si sababu ya usiku kucha: likiwa limejaa na usipolifungua, hushika baridi hadi saa 48, likiwa nusu, saa 24. Friji la kawaida lililofungwa hushika saa nne hivi. Adui wa samaki wako ni mtoto anayefungua kila dakika kuangalia kama bado kuna baridi.

1. Betri na inveta

Ndiyo, kwenye shindano la jenereta ameshinda asiye jenereta. Malalamiko yapelekwe kwa shemeji.

Tazama tabia ya giza letu. Mara nyingi umeme unakatika saa moja, nne, nane, kisha unarudi na watoto wanapiga kelele mtaani. Sasa, umeme unaorudi ni wa bei ya LUKU. Mbona usiuweke akiba? Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2,400. Ikiwa ni ya asidi, tumia nusu tu ili isife mapema: 1,200. Balbu tano, televisheni, simu za nyumba nzima na kisanduku cha intaneti ni kama wati 120 hadi 150. Hapo, inveta ikishakula sehemu yake, una saa saba au nane, taarifa ya habari, tamthilia na mtoto kumaliza hesabu za shule, bila kuvuta kamba yoyote. Kuijaza upya ni chini ya uniti mbili, yaani shilingi 700 hata kwa bei ya kawaida. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi dukani, lakini inakuruhusu kutumia asilimia 80 na zaidi, na huishi miaka mingi kuliko ya asidi.

Ila usiiombe kuendesha pampu wala pasi. Nunua inveta ya wimbi safi kama ina friji upande wa pili, betri ya asidi uiweke mahali penye hewa, na hakikisha nyaya zake za betri ni nene. Giza likizidi siku moja, hapo ndipo mchapakazi namba mbili anawashwa saa mbili, anajaza betri, anapooza friji na kuzimwa. Aliye na uwezo wa kuwa nao wote wawili, anunue betri kwanza na jenereta ndogo baadaye, si kubwa kwanza na majuto baadaye.

Shemeji: "Na kelele je? Nitajuaje kwamba nina umeme?"

Utajua, shemeji. Utakuwa unaona sufuria ya sombe unayoila.

Hayo tisa. Kumi ni hili.

Hapa utani unakaa pembeni. Kwanza, wengi wetu tunaogopa wezi kuliko tunavyoogopa moshi, kwa hiyo jenereta inawashwa ukumbini, stoo, au barazani chini ya dirisha la chumba cha watoto. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, na huanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito. Mtu hudhani ni uchovu, akalala, asiamke. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, bomba la moshi likielekea mbali na nyumba. Jenga kibanda chenye paa na pande zilizo wazi ili mvua isiipate. Kwa ajili ya mwizi, ifunge kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo iliyozikwa kwa zege. Na kila mara zima injini na uiache ipoe kabla ya kuongeza petroli.

Pili, ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake, utupe leo. Umeme wa jenereta hurudi kupitia mita yako hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma ile hainyamazi: hupandisha volti 230 zako ziwe maelfu ya volti kwenye nguzo. Huko juu yupo fundi aliyeambiwa laini imezimwa, anahangaika na tawi la mti ili wewe upate umeme. Lipa fundi umeme mwenye leseni akufungie swichi ya chenji ova. Ikiwa upande wa jenereta, TANESCO imekatwa kabisa. Ikiwa upande wa TANESCO, jenereta imekatwa kabisa. Hakuna katikati. Na umeme wa gridi ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kurudisha friji, maana dakika zile za mwanzo voteji huwa haijatulia.

Mto Malagarasi nao una mradi wake wa kuzalisha megawati 49.5, na ukikamilika umeme utakuwa na safari fupi zaidi kutufikia. Mpaka hapo, bajeti yako ianze na chenji ova na kibanda, ifuate betri, na jenereta iwe ya mwisho kulipiwa. Shemeji ameusoma mpangilio huo na kusema atauzingatia kwa makini akishamaliza mahari. Kibondo, jiandaeni kukaa gizani muda mrefu.